Gari lipimwe na anayelala nyuma

POSTI YA 1

Najua niliahidi wiki hii tuzungumzie uji wa mtoto wa miezi sita. Uji utakuja. Leo nina donge kooni, na nisipolitoa hata huo uji nitaupika na mabonge.

Jumamosi nilipeleka pikipiki yangu kuziba pancha hapa Kibiti mjini. Pale kwenye benchi la fundi walikuwepo kaka zangu watano, watu wazima, wawili kati yao watoto wao nimewapokea kwa mikono yangu hii. Wanabishana. Mishipa ya shingo imewatoka. Nikadhani ni Simba na Yanga. Kumbe ni gari, tena gari ambalo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuliona kwa macho: Land Cruiser FJ, ile ndogo ya boksi ambayo Toyota waliionesha Oktoba 2025.

Lakini habari zake wanazo zote. Mmoja anasema hiyo si Cruiser, hiyo ni Hilux iliyovaa kanzu, maana injini yake ni petroli lita 2.7, ile ile iliyomo kwenye Hilux na Prado za miaka mingi, nguvu za farasi 163 tu. Wa pili anasema sasa hapo ndipo utamu ulipo, injini hiyo kila fundi wa chini ya mwembe anaijua. Wa tatu anaomboleza V8. Kwake yeye Toyota walikufa mwaka 2021, walipoleta Land Cruiser 300 wakatoa V8 wakaweka V6 (na bado watu wanaiita V8 vile vile, utafikiri ni cheo). Wa nne yuko upande wa 250, hiyo Prado mpya iliyooneshwa Agosti 2023. Wa tano, mtu mzima kidogo, kofia ya kiua kichwani, hakuinua hata sauti: "Mkonga tu. Mengine yote mapambo."

Kwa msioishi huku: mkonga ni ile Hardtop ndefu yenye bomba la hewa limepanda pembeni ya kioo cha mbele kama mkonga wa tembo. Ya polisi, ya mashirika, ya wagonjwa.

Basi yule wa V8 akanigeukia. "Nesi, wewe ndiye unayapanda kila siku. Hebu sema, gari la kweli la tope ni lipi?"

Nikamwambia nitajibu nikitulia. Sasa nimetulia. Kaka zangu, niliwasikiliza saa nzima na nusu, na nyote watano mlikuwa mmekaa kiti kimoja, cha dereva. Mnaongelea usukani, gia, difu, boneti, namna linavyoonekana likipita sokoni. Hakuna hata mmoja aliyekaa nyuma. Mimi ndiko nilikokaa miaka yote hii ya kazi. Na wake zenu ndiko wanakolala.

Inaendelea kesho. Akina mama, msilale mapema.


POSTI YA 2

Tuanze na mkonga, kwa sababu huyo namjua kama ndugu.

Ukoo wake, hizo wanazoziita 70, ulianza kuuzwa mwaka 1984. Lile ninalopanda mimi lina injini ya dizeli ya lita 4.2, haina turbo, haina kompyuta ya kununa. Unaliwasha alfajiri baada ya mvua ya usiku kucha, linawaka. Hilo nakubaliana na kaka yangu wa kofia, wala sitabisha. Hata Toyota wenyewe, Agosti 2023, walipoionesha hiyo 250 na makelele yake yote, walitangaza pia kwamba wanairudisha 70 sokoni kwao Japani. Gari la karibu miaka 40! Kwa hiyo si ushamba wetu wa Kibiti.

Sasa panda nyuma ukae na mimi.

Springi za nyuma za mkonga ni zile bapa, zimepangana moja juu ya nyingine kama za lori. Fundi mmoja alinieleza jambo ambalo Jumamosi hamkuligusa kabisa: springi zile zimepimwa kwa ajili ya mzigo mzito. Pakia magunia ya mpunga mpaka juu, gari linatulia, linatembea kama limelala usingizi. Lakini weka mama mmoja, nesi mmoja, shangazi mmoja na beseni la nguo. Hakuna uzito wa kulikandamiza. Kila shimo linaruka. Yaani gari letu la wagonjwa linamstarehesha gunia kuliko mzazi.

Nitawasimulia usiku mmoja. Mama huyo alikuwa uzazi wa tatu, amejifungua zahanati salama, kondo limetoka, lakini damu haikati. Rufaa. Tunatoka upande wa pwani kuitafuta lami, mwezi wa nne, njia yote ni tope na makorongo. Mkono wangu mmoja uko tumboni kwake unasugua mfuko wa uzazi ujikaze, na mkono huo hautakiwi kutoka. Mkono wa pili nimeshika chuma cha dirisha nisimwangukie. Dripu inabembea juu kama taa ya chemli kwenye mashua. Mara mbili sindano ya mshipani ilichomoka. Kumtafuta mshipa mama aliyepoteza damu, mishipa yote imejificha, ndani ya gari linaloruka, tochi ya simu umeing'ata kwa meno... kaka zangu, mnaojisifu mmevuka tope la Nyamisati, njooni mvuke na hilo.

Dereva wetu alikuwa hodari. Alikuwa anakimbiza kwa sababu anajua damu haisubiri. Mama anayevuja vile anaweza kututoka ndani ya masaa mawili. Akienda taratibu, muda unaisha. Akikimbiza, mimi huku nyuma siwezi kufanya kazi. Hilo ndilo swali la gari la porini kwa huku kwetu, na sijawahi kulisikia likiulizwa kwenye benchi lolote.

Tulifika. Yule mama yupo, mwanawe anasoma chekechea sasa hivi. Tulipomshusha bega lake lilikuwa limechubuka kwa kugonga ubavu wa gari, na akaniomba radhi. Yeye ndiye aliyeniomba radhi mimi, eti amenisumbua usiku.


POSTI YA 3

Jamani, inboksi yangu imejaa. Kaka mmoja ameniandikia kwamba nina wivu wa magari. Mwingine kaniambia niache mambo ya wanaume nirudi kwenye nepi. Shemeji yangu, nimerudi kwenye nepi, ndiyo maana naandika.

Wivu sina. Mimi napenda gari zuri kama mtu mwingine yeyote. Oktoba 2024 Arusha walipokusanya Land Rover mia kwa mia, za babu na za mjukuu, nilitazama zile picha nikafurahi kama niko harusini. Mtu kupenda chombo si dhambi. Ninachokataa ni mtu kuja kusema "hili ndilo gari la vijijini" wakati kijiji hakukiuliza.

Haya, tuyaangalie mapya. Hiyo 250 ina kitufe cha kuliachia gari miguu ya mbele ijinyooshe zaidi kwenye mabonde. Ina sehemu ya kuchagua: hapa tope, hapa mchanga, hapa mawe. Inakaa barabarani kama godoro. Mimi hilo godoro nalitaka! Nalitaka liwe nyuma, chini ya mgonjwa. Lakini nyuma ya gari hilo kuna viti vya watoto kwenda ufukweni. Mama aliyelala kwa ubavu wa kushoto, na huo ndio ulalo tunaomlaza mjamzito ili tumbo lisikandamize mshipa mkubwa wa damu, anahitaji urefu wa mtu mzima aliyenyooka, na nesi anahitaji pa kukaa karibu na kiuno chake, si karibu na kisogo. Ukitaka hivyo kwenye Prado uanze kung'oa viti.

Na hiyo FJ mliyokuwa mnaililia? Mlisifu kwamba umbali wa tairi la mbele na la nyuma umepungua kwa sentimita 27 ukilinganisha na 250, kwa hiyo inakata kona kama pikipiki. Sawa kabisa, ni kweli. Ila sentimita 27 lazima zitoke mahali, na hazikutoka kwenye kiti cha dereva.

Sasa nitawatajia mambo ninayoyatazama mimi gari la wagonjwa likija, kabla hata sijauliza ni la mwaka gani. Kitanda kimefungwa sakafuni au kinatembea? Mkanda wa mgonjwa upo, au ulikatwa ukafungia jeneza? Mtungi wa oksijeni umefungwa? Maana mtungi ule wa chuma usipofungwa, gari likifunga breki ghafla unakuwa bomu. Taa ya ndani inawaka? Kuna chuma cha kutundikia dripu kisichobembea? Na mimi nesi nina mkanda, au mimi ni mzigo? Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji injini mpya kutoka Japani. Mchomeleaji wa hapa hapa Kibiti anavifanya kwa siku mbili.

Halafu kuna jambo ambalo wapenzi wa magari hawalijui kwa sababu halina magurudumu. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa damu ya uzazi uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania. Walimwekea mzazi mfuko wa plastiki wenye alama za kupimia damu, ili wakunga wajue mapema imezidi badala ya kukisia kwa macho, kisha wakampa tiba zote kwa pamoja: kusugua mfuko wa uzazi, sindano, dripu, kumkagua. Kutokwa damu kwa hatari kulipungua kwa asilimia 60. Plastiki! Bei yake hainunui hata taa moja ya hayo magari. Mama aliyezuiliwa damu yake zahanati hahitaji V8.

Sisemi magari hayana maana. Nchi yetu imetoka mbali: utafiti wa 2015/16 ulikuta vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000, ule wa 2022 ukakuta 104. Usafiri umo humo ndani. Lakini umo pamoja na damu ya akiba, na sindano, na vyumba vya upasuaji karibu na watu. Gari peke yake ni bati linalokimbia.

Na kabla sijafunga ya leo, wanandoa vijana mnaonunua gari la kwanza, hata kama ni kagari kadogo tu: mtoto mchanga hapakatwi kiti cha mbele. Ule mfuko wa hewa unaofumuka kwenye ajali umepimwa kwa mtu mzima. Ukifumuka na mtoto yuko kifuani kwako, utamuua. Mtoto nyuma, kwenye kiti chake kilichofungwa. Najua kiti kile ni bei. Rimu za kung'aa nazo zilikuwa bei, na mlinunua.


POSTI YA 4

Leo fupi, kwa sababu niko zamu.

Ile "pua". Ule mkonga wenyewe. Watu wanadhani gari likiwa na pua juu basi limekuwa kiboko. Siyo. Pua inasaidia injini isinywe maji na vumbi, basi. Haiongezi uzito wa gari, haizibi milango, haishiki ardhi. Toyota wenyewe, kwa hizi kubwa mpya, wanataja maji ya kina cha sentimita 70. Simama, pima: ni katikati ya paja la mtu mzima. Na hayo ni maji yaliyotulia. Maji yanayotembea, yakifika sentimita 60 tu, yanabeba magari mengi, hata haya marefu ya kifahari. Gari linaelea, tairi zinakosa kushika, pua iko juu inapumua vizuri kabisa, nanyi mnakwenda mtoni.

Aprili 2024 mafuriko yalipoingia Rufiji na Kibiti, mashamba ya mpunga yamekuwa bahari, nilimwona baba mmoja amempakia mkewe na watoto, anataka kupita njia ambayo jana yake ilikuwa njia. "Nesi hili ni four wheel." Nikamwambia mume wangu, sorry, namwita hivyo kila mwanaume mbishi, nikamwambia four wheel ni magurudumu manne yanayozunguka, na yote manne yanaweza kuzunguka hewani. Hakunisikia mimi. Alimsikia mkewe, aliyeshuka na watoto akakaa juu ya tuta na mizigo yake na kusema "nenda wewe, utatukuta". Hakwenda.

Mwezi uliofuata kikaja kimbunga Hidaya, barabara kuu ya kwenda Lindi ikakatika upande wa Somanga. Pale yalisimama malori, mabasi, V8, mkonga, bodaboda, yote foleni moja. Daraja likiondoka magari yote ni sawa. Jumamosi mlipokuwa mnazipanga Cruiser nani wa kwanza nani wa mwisho, sikusikia mtu akitaja kalavati hata moja.


POSTI YA 5

Hii ndiyo nilikuwa naikwepa tangu Jumapili.

Nusu ya mazungumzo ya magari hapa wilayani hayawahusu kabisa watu wa delta. Mbuchi, Maparoni, Msala, Kiongoroni: kule ukisema "gari la kila mahali" watakuchekea. Kule njia ni mto, na mto wenyewe una saa zake. Maji yakijaa unapita juu ya vichwa vya mikoko midogo. Yakipwa, mkondo uliopita asubuhi unakuwa tope jeusi, unaweza kuona kaa wanatembea pale ulipopita na boti. Bamvua ni habari nyingine, maji mafu habari nyingine. Mtoto wa darasa la pili kule anajua kalenda ya mwezi kuliko mimi mwenye cheti.

Delta hii imeshawaaibisha wenye vyombo vikubwa. Mwaka 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilikuja kujificha humu ndani ya mikoko. Manowari kubwa za Waingereza zikakaa nje miezi na mizinga yao, haziwezi kuingia, kina hakitoshi. Ilibidi waletewe meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ambazo mwanzo ziliundwa kwa ajili ya mito ya Brazili. Hizo ndizo zilizoingia, Julai 1915, wakaimaliza. Dola kubwa ile ilikubali kwamba delta ndiyo inayochagua chombo. Sisi miaka zaidi ya 100 baadaye tunawapelekea watu wa mikoko picha ya gari.

Kijiji sitakitaja, na msiniulize. Binti wa miaka 19, mimba ya kwanza, imekaribia. Siku mbili kichwa kinamuuma, uso umevimba, anasema macho yanaona ukungu. Nyumbani wakasema ni uchovu, kisha wakasema ni mambo ya kiswahili, akanyweshwa dawa. Ilipofika jioni ya siku ya pili mama yake akasema hapana, twende. Mama yule alisema hivyo saa kumi na mbili jioni. Maji yalikuwa yameshapwa.

Walimtia kwenye mtumbwi wa injini, wakasukuma kwa miguu wakiwa kwenye tope mpaka magotini, mtumbwi ukakaa. Ukakaa pale mpaka maji yaliporudi. Giza, mbu, hakuna paa, hakuna taa, binti amelala juu ya nyavu. Degedege la kwanza lilimpata hapo hapo kabla mtumbwi haujaelea.

Upande wa pili, gatini, gari lilikuwa limefika tangu saa mbili usiku. Mkonga. Tangi limejaa mafuta, dereva yuko macho, mimi niko ndani na sindano ya kuzuia degedege nimeiandaa, kitanda kimetandikwa. Gari zima, halina hata doa. Tukazima injini kuokoa dizeli, tukawasha taa kila baada ya muda ili waone pa kuelekea. Tukakaa hapo tunatazama giza.

Walifika kama saa saba na nusu. Mtoto alikuwa ameshafia tumboni. Binti tulimwendesha mpaka hospitali, na alfajiri akafariki.

Dereva wangu hakusema neno njia nzima ya kurudi. Tulipofika akalifuta gari, akalifuta tena, ndani na nje, akakaa chini ya gurudumu akalia. Aliniambia, "Dada, gari halikukwama hata mara moja."

Ndiyo kaka zangu wa kwenye benchi. Halikukwama.


POSTI YA 6 (ya mwisho)

Ahsanteni kwa meseji. Wengi mmeuliza sasa tufanye nini, na wengine mmeniuliza kama naisema serikali. Naisema tabia yetu, ikiwemo yangu, ya kudhani msaada lazima uwe na magurudumu na uzinduliwe kwa utepe. Gari hupigwa picha vizuri. Boti ya faiba yenye paa, kitanda cha kufunga, maboya ya watu wazima na ya watoto, taa, na nahodha anayelipwa kukaa usiku, haipigwi picha vizuri. Dizeli ya mwezi mzima haipigwi picha kabisa. Na nyumba ya akina mama kusubiria, karibu na hospitali, ambayo mjamzito wa delta anakuja kukaa wiki mbili kabla ya siku zake ili asikutane na maji yamepwa, hiyo haina hata injini. Lakini yule binti angekuwa ndani ya nyumba ile, ningekuwa nimemsemesha kila asubuhi, na ule uso uliovimba ningeuona mimi siku ya kwanza.

Kwa hiyo mkutano wa kijiji ukiitwa, nendeni. Msikae nyuma na kanga mdomoni. Diwani akisema gari linakuja, pigeni makofi, halafu ulizeni: dereva wa usiku ni nani, mafuta ya mwezi yanatoka fungu gani, kitanda kimefungwa, na wa kule ng'ambo ya maji wanalifikiaje? Anayeuliza hivyo hamdharau kiongozi, ana mimba tu.

Nyumbani sasa. Mwenye mimba, na mwenye mume wa mwenye mimba, kaeni leo. Namba 115 haina gharama, ndiyo ya m-mama, ule mfumo ambao kuanzia 2022 ulianza kusambazwa nchi nzima: unapigwa, wanamtafutia mama gari la wagonjwa, na kama halipo wanamwita dereva wa mtaani aliyesajiliwa, na analipwa na mfumo, siyo na wewe. Iandikeni ukutani kwa mkaa, simu huisha chaji. Lakini kule ambako mtandao unashikwa juu ya mnazi mmoja tu, mjue kabisa mnazi huo ni upi na nani anayekimbilia. Mjue nahodha wa karibu, na nahodha wa pili kama wa kwanza yuko kamba. Mafuta ya boti yawepo ndani ya dumu lililofungwa kuanzia mwezi wa nane wa mimba, na dumu hilo halikopeshwi hata kwa shemeji.

Na dalili msizingoje ziwe tatu. Damu, hata kidogo, kabla ya kujifungua. Kichwa kinachogonga hakitulii. Macho kuona ukungu au nyota. Uso na mikono kuvimba. Maji kuvunjika na uchungu hauji. Mtoto aliyekuwa anacheza amenyamaza. Moja tu kati ya hizo, unaondoka na maji ya kwanza yanayojaa, dawa za bibi zitakukuta ukirudi. Mtoto mchanga akihamishwa, hasa njiti, afungwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kanga juu, kofia kichwani. Kwenye boti au kwenye mkonga, kifua cha mama ndiyo chombo pekee ambacho sijakiona kikiharibika njiani.

Kaka yangu wa V8 ameniandikia jana. Hakuomba msamaha, na sikutaka aombe. Aliandika tu kwamba yule fundi wa pancha ana mashine ya kuchomelea, na kwamba yeye na wenzake watatu wamekwenda kuangalia kitanda cha lile gari, wakakuta kweli boliti mbili hazipo. Wamenunua nne. Wa kofia ya kiua yeye ameuliza swali moja, refu kuliko maneno yote aliyosema Jumamosi: boti ya namna ile, yenye paa na kitanda, ikiwa maji yamepwa nusu, inataka kina cha kiasi gani ipite, na injini ya ukubwa gani? Ana binti kule Msala. Mwezi wa saba sasa.

Mimi sijui injini za boti. Kama kuna nahodha anasoma hapa, amjibu kaka yangu kwenye komenti, kwa vipimo, siyo kwa majigambo.

Uji ni Alhamisi. Leteni maswali ya karanga.